Matroni na Kijana Asiye na Kivuli

Matroni wetu hakukukamata kwa kitabu, alikukamata kwa uso. Alipita katikati ya vitanda, kanga mabegani, kandambili zake hazitoi mlio hata kidogo, sijui alizifanyaje, na macho yake hayakwenda kwenye daftari ulilolishika. Yalikwenda mdomoni. Akikuta umetabasamu, anasimama.

"Lete hiyo Jiografia."

"Matroni, najisomea tu, kesho tuna jaribio."

"Lete. Hakuna mtu anayecheka na Jiografia."

Basi ndiyo imekwenda hiyo.

Nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Area D, hapa Dodoma, nasubiri matokeo. Katika watu wote wa miaka ile ya bweni, walimu, marafiki, hata yule mvulana wa shule ya jirani ambaye nimemwandika humu daftarini kurasa na kurasa bila kumsemesha hata siku moja, ninayemkumbuka zaidi ni Matroni. Jina lake siliandiki. Hata kulijua nilichelewa kulijua. Mzazi akija getini kumuulizia kwa jina, sisi tulikuwa tunaangaliana: huyo ni nani tena?

Lazima nieleze habari ya Jiografia, maana haikuwa Jiografia.

Rehema alikuwa analala kitanda cha juu yangu. Baba yake alihamia Dodoma na wizara yake, familia nzima ikatoka Dar, na Rehema akawa analalamikia vumbi kana kwamba sisi ndio tuliolileta. Tulipofungua muhula mmoja alirudi na riwaya ameificha ndani ya foronya. Iliitwa Asiye na Kivuli. Jalada lilikuwa na msichana dirishani, nje mvua. Ndani yake kuna Nuru, msichana wa umri wetu, anahamia shule iliyo karibu na bwawa, na huko anampenda kijana anayeitwa Amani. Amani mpole, Amani ana sauti ya chini, Amani ana macho ambayo mwandishi ameyaeleza ukurasa mzima bila kupumzika. Tatizo ni kwamba Amani alizama katika lile bwawa kabla Nuru hajahamia. Hurudi mvua ikinyesha, tena mpaka Nuru amwite kwa jina. Akisimama kwenye taa, ukuta nyuma yake hauna kitu.

Bweni zima lilikitaka na nakala ilikuwa moja. Rehema akachukua wembe, akakikata vipande vitano, kila kipande akakivalisha gamba la daftari la zamani. Cha kwanza Historia, cha pili Biolojia, cha tatu Jiografia, halafu Uraia, cha mwisho Hisabati. Kwa hiyo mtu akikuuliza foleni ya bafu, "Shoga, Uraia iko kwa nani?", hakuwa anaulizia Uraia.

Ila kilisomwa ovyo. Unachukua kipande kilichopo, husubiri zamu. Wapo walioanza na Uraia, ambamo Amani anamfokea Nuru na kumwambia asimwite tena, na hao wakamchukia Amani moja kwa moja, huwaambii kitu. Kuna mtoto wa kidato cha kwanza alipata Biolojia peke yake, kipande ambacho bado hatujaambiwa kuwa Amani ni marehemu. Akazunguka bwenini akisema ni hadithi nzuri ya wanafunzi wawili wanaopendana, ila yule kaka hapendi kutoka nje kukiwa na jua, labda ana ngozi laini. Rehema alicheka mpaka akashuka kitandani.

Matroni naye alianza katikati, kama sisi. Alianza na Jiografia kwa sababu ndiyo aliyoikamata kwanza.

Adhabu yake ya kukutwa na kitabu ilikuwa maharage. Maharage ya shule yalikuja kwenye magunia na kokoto zake, nyingine zimefanana na maharage kabisa, na Jumamosi baada ya chakula cha mchana waliokamatwa wiki hiyo walikaa nyuma ya stoo, juu ya magunia matupu, kila mmoja na ungo wake, wakachambua. Matroni alikaa kwenye kiti cha chuma, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, ungo mapajani. Hakuwa mtu wa kusimamia tu. Alichambua haraka kuliko sote, huku akiimba nyimbo za kanisani kwa Kigogo, sauti ya puani.

Jumamosi ya kwanza baada ya Jiografia kukamatwa, Rehema ndiye alikuwa kwenye magunia. Alitusimulia jioni, anashika mbavu. Matroni aliimba, akachambua, akaimba, halafu ghafla akanyamaza.

"Nikuulize, Rehema. Huyu binti ana akili kweli?"

"Binti gani, Matroni?"

"Huyo wenu. Kijana amekuja amelowa chapachapa, kivuli hana, maji yanamtoka viatuni, na yeye anamuuliza umenikumbuka? Angemuuliza umetoka wapi!"

Rehema akajua: amesoma. Kisha Matroni akaongeza, polepole, macho kwenye ungo, "Na huko mwanzo walikutanaje?"

Kuanzia hapo akawa anawinda. Asubuhi moja tumepanga mistari, upepo wa mwezi wa saba unatukata miguu, Matroni akapita mbele yetu na uso wa chuma akauliza, "Nani ana Historia?" Mwalimu wa zamu akafurahi, akadhani ni mambo ya taaluma.

Na sisi tukaanza kutaka kukamatwa. Hili nikiwaambia watu hawaniamini. Watu waliacha kulala mchana wa Jumamosi, wakaenda kutoa kokoto kwenye maharage, kwa sababu nyuma ya stoo ndipo kitabu kilipojadiliwa na mtu aliyekichukulia kama jambo lililotokea mtaa wa pili. Hukuruhusiwa kusema "kizuri" ukanyamaza. Matroni alikuwa anasema, "Kizuri ni sabuni. Nimekuuliza umeonaje."

Majina hakuyashika. Nuru alikuwa "huyu binti wa watu", Amani alikuwa "Bwana Kivuli". Maelezo ya macho aliyaruka yote. Kilichomkera si kwamba Amani amekufa. Kilichomkera ni dirisha.

"Kijana wa watu anaingia kwa dirisha? Kwani mlango wa mama mtu umefanya nini?"

"Matroni, ni mzimu," Rehema anajibu.

"Ndiyo asibishe hodi? Mizimu ya kwetu ina adabu. Inakuja kwa mkubwa wa nyumba, inasema shida yake, inaondoka."

"Lakini wanapendana!"

"Anakula nini?"

"Nani?"

"Huyo Bwana Kivuli. Ukurasa huu hali, ukurasa ule hali. Kijana asiyekula ugali usimpe moyo, mwanangu, hujui anaishi kwa nini."

Zawadi alikuwa kiongozi wa maombi bwenini, naye alikaa magunia ya pembeni akiwa amekamatwa na Uraia. "Mimi, Matroni, nasema lile ni pepo. Mungu hapendi."

"Mungu hapendi mengi, Zawadi. Hata hiyo kokoto uliyoiacha hapendi."

Rehema akatoa hoja ambayo bado huwa nacheka nikiikumbuka. Alisema kitabu hiki kisingeandikwa Dodoma. "Kijana anakuja mvua ikinyesha? Hapa? Angemtembelea mara ngapi kwa mwaka? Mapenzi yangekufa kwa ukame." Matroni alicheka mpaka ungo ukamwinamia, tukaokota maharage mavumbini, na alipomaliza kucheka akatuambia twende tukayaoshe upya, tusidhani ametusamehe.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na ukali ambao haukuwa na sababu. Aliwahi kunirudishia shuka nilifue tena kwa maji ya baridi ile ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa doa ambalo mpaka leo sijaliona. Alikuwa na upendeleo wa wazi. Rehema alimgombeza kuliko wote, na Rehema huyo huyo ndiye aliyewekewa ukoko wa wali siku ya wali. Siri ya kitabu hakuweza kuitunza. Akimaliza kipande, lazima amharibie mwenzake: "Usijisumbue kulia hapo, mama yake anakuja kukubali." Tulikuwa tunaziba masikio tunapiga kelele, "Matroniii!" na yeye anashangaa kweli kweli. Kwani nini? Si ndivyo ilivyo?

Na jioni, kwenye sala, alisimama mbele yetu akakemea vitabu vya giza vinavyoharibu mabinti. Alikuwa anamaanisha, si unafiki. Niliwahi kumwona ametoka kuvikemea hivyo, akaingia chumbani kwake, mlango ukabaki wazi kidogo, na kabla hajavua hata kanga ya ibada alikuwa ameshafungua Biolojia, midomo inacheza. Vipande vilivyolowana bafuni vilirudi kwa wenyewe vimepigwa pasi. Tena amepiga vizuri, ukurasa kwa ukurasa, kona zote zimelala.

Alikuwa pia na mume. "Mzee wangu hapendi mlenda uliolala." "Mzee wangu akisikia mtu anapiga chafya lazima acheke." Mwaka mzima tulijua yuko huko kwao Kibakwe, analima, anasubiri likizo kama sisi. Mpishi ndiye aliyetuambia kwamba yule mzee alishazikwa zamani, kabla hata hatujajiunga na shule. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Alimtaja vile vile, na sisi tukaitikia vile vile, "Eeh Matroni, hata baba yangu hapendi."

Sasa niandike sehemu yangu.

Mimi sikukamatwa. Sikuwa mjanja, ila uso wangu hausemi kitu. Nasoma cha kuchekesha, uko hivyo hivyo, nasoma cha kulia, uko hivyo hivyo. Nilitamani sana kwenda nyuma ya stoo. Siku moja nikaamua kucheka makusudi. Nikajilaza na Hisabati kifuani, nikamsubiri apite, nikatoa meno.

Matroni akasimama. "Wewe unaumwa?"

"Hapana, Matroni."

Akaniangalia kwa muda. "Njoo Jumamosi," akasema, akaniachia kitabu.

Nikawa naenda kila Jumamosi bila kukamatwa, nachambua, sisemi. Aliniita bubu wangu. "Bubu wangu, sogeza ungo." Mara moja moja aliniuliza umeonaje, nikajibu sijui, akaendelea na wengine bila kunibana. Kumbe nilikuwa na la kusema, moja tu, na lilinikaa kooni tangu siku nilipofika Hisabati.

Kaka yangu alifariki kwa ajali ya pikipiki, likizo ile kabla sijaingia kidato cha tatu. Alikuwa anatoka Chang'ombe ya hapa Dodoma kuchukua simu yake kwa fundi. Baada ya arobaini mama alikunja nguo zake akampelekea mjomba. Picha ya sebuleni ikaondoka, na msumari ukabaki. Baba aliacha kusema "wanangu", akaanza kusema "huyu mtoto". Jina lake hakuna aliyelikataza. Liliacha tu kutajwa, kama maji ya bomba yanavyokatika. Hakuna anayetangaza, unafungua tu unakuta kimya. Mimi nilikuwa na habari zake nyingi na sikuwa na mtu wa kumpa. Nilikwenda bweni nikiwa nazo hivyo hivyo.

Kwa hiyo wenzangu waliposoma Asiye na Kivuli walisoma mapenzi. Ukurasa wa busu nami niliusoma, tena zaidi ya mara moja, nisijidanganye mwenyewe. Lakini nilichokuwa nakitafuta ni zile sehemu Nuru anapofungua mdomo na kusema jina la mtu aliyekufa, kwa sauti, chumbani kwake, na dunia haianguki.

Mwisho wa kitabu uko hivi. Amani amemwomba asimwite tena, kwa sababu kila anaporudi anasahau kitu cha maisha yake, safari iliyopita alisahau sauti ya mama yake. Miezi inapita. Mvua inaanza. Nuru anakwenda dirishani, anafungua mdomo. Kitabu kimeisha. Mwandishi ametuacha hapo hapo.

Alimwita, au hakumwita?

Bweni liligawanyika. Watu walinuniana kwenye foleni ya chai. Jumamosi ile nyuma ya stoo walijaa hata ambao hawakukamatwa na chochote, na Matroni akajifanya hajaona.

"Alimwita!" Rehema alianza kabla hajakaa. "Mdomo kaufungulia nini sasa?"

"Anasali," akasema Zawadi.

"Labda anapiga mwayo," akasema yule mtoto wa kidato cha kwanza, ambaye siku hizi alikuwa ameshajua Amani ni marehemu na amelia vya kutosha.

Matroni alingoja kelele ziishe. "Hakumwita," akasema. "Alitaka, akaufunga. Mtu akiondoka mwache aondoke. Anakwenda zake, wewe unaita, anageuka. Anatembea kidogo, unaita, anageuka. Huko anakokwenda atafika lini? Huko ni kumtesa, si kumpenda."

Maneno yale yaliniingia vibaya. Nilitaka kumwambia: je, wale ambao hawaitwi kabisa? Wale ambao watu wao wamefunga midomo na dirisha pamoja? Nilifungua mdomo, naye akaniona.

"Eeh, na wewe bubu wangu? Umeonaje?"

Wote wakageuka. Niliangalia ungo.

"Sijui, Matroni."

Hapo ndipo Rehema akasema. Hakuwa na nia mbaya, ni mdomo tu, anausikia wakati mmoja na sisi. "Lakini Matroni, wewe mbona mzee wako unamwita kila siku?"

Ilisikika sauti ya maharage tu. Mtu mmoja alikuwa bado anapeta, akaacha. Matroni alivua miwani, akaifuta na kanga, akaivaa. Akasimama, akajishika kiuno.

"Maharage yametosha," akasema.

Hayakuwa yametosha. Gunia lilikuwa nusu.

Jumamosi zilizofuata adhabu ikawa kufagia. Rehema alikwenda mlangoni kwake kumwomba radhi, mikono nyuma, machozi yanamtoka, na Matroni akamwambia, "Kwani umenifanya nini? Nenda kale." Ukoko aliendelea kumwekea. Lakini habari za "mzee wangu" hatukuzisikia tena. Siku chakula kilipokuja na mlenda, nilimwona anaonja, anafungua mdomo kama anayetaka kusema, akatafuna.

Siku ya kufunga shule kitabu kilirudi. Alikuwa amevitoa magamba vipande vyote, akavipanga, akavishona kuwa kimoja kwa uzi wa magunia, mishono mikubwa ya kuchekesha. Akampa Rehema bila neno. Januari tuliporudi tukakuta matroni mpya, kijana, mwenye kandambili zenye mlio. Wa kwetu alikuwa amestaafu, amerudi kwao Kibakwe.

Desemba hii, baada ya mtihani, shangazi yangu anayefundisha Kibakwe aliniita nikakae naye kidogo. Kule si kama Dodoma, kuna vilima vya kijani, maji yanapita kwenye mifereji ya mashamba, asubuhi unavaa sweta. Nilikaa siku kadhaa nikijua Matroni yuko pale pale na sikwenda. Nilikuwa najiambia hatanikumbuka. Kweli nilikuwa naogopa atanikumbuka. Mwishowe shangazi akaniuliza mbona nazunguka kama kuku anayetaka kutaga, nikamwambia, akacheka, "Yule aliyekuwa matroni mjini? Si hapo juu tu!" Akanipa ndizi za kupeleka, akanisukuma mlangoni.

Nilimkuta uani, ameweka mguu kwenye beseni la maji ya moto. Amepungua. Kanga mabegani ni ile ile, au dada yake.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Nani huyo? Sogea huku, jua linanipiga." Nikasogea. Akaniangalia mdomoni, kama zamani. "Yayagwe! Bubu wangu!"

Alinikalisha kwenye kigoda karibu na beseni. Akauliza habari za wote. Zawadi je? Nikasema anaimba kwaya. Rehema? Nikasema wamerudi Dar, ananitumia ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba. Alicheka. Halafu akachezesha vidole vya mguu majini.

"Yule mtoto aliniuliza swali nikalikimbia," akasema.

Nikasogeza kigoda karibu zaidi.

"Siku ile nilikuwa najisemea mwenyewe, sikuwa nawaambia ninyi. Watoto wangu walikuwa wananiambia, mama, acha kumtaja baba, unajiumiza, watu wanakuona umechanganyikiwa. Nikaona labda wana haki. Nikaacha. Nimerudi hapa, kwenye nyumba aliyoijenga yeye, na simtaji. Wao hawamtaji, mimi simtaji. Tunakula, tunalala. Nyumba imekuwa kama chumba cha mtihani." Aliinua mguu, akautazama, akaurudisha. "Sasa nauliza tena. Kile kitabu nimekifikiria sana huku. Wewe ndiye peke yako hukujibu. Alimwita au hakumwita?"

Hapakuwa na ungo wa kuangalia. Kulikuwa na kuku, nikamwangalia kuku.

"Alimwita," nikasema.

"Kwa nini? Usiniambie mapenzi."

"Kwa sababu..." Sauti ilikuwa ndogo, akainamisha kichwa kunisikiliza. "Kwa sababu asingemwita, hakuna mwingine ambaye angemwita. Kwetu hatumtaji, Matroni. Kaka yangu. Hata mara moja. Naona kama amekufa tena, halafu safari hii tumemuua sisi."

Nilikuwa sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele yake. Nadhani mbele ya mtu yeyote.

Hakunishika mkono, wala hakusema pole. Alifikiri. Ilinifurahisha sana kwamba alifikiri, kama alivyokuwa anafikiria hoja za Rehema.

"Mimi kitabuni bado nasema hakumwita," akasema. "Hapo hunitoi. Yule binti alikuwa anamwita ili arudi, na kijana mwenyewe amekataa. Lakini mimi mzee wangu simtaki arudi, maskini, apande tena kilima hiki na magoti yale? Nataka kumsema tu. Anapenda kusemwa yule. Na wewe wako unamtaka arudi?"

Nilifikiri mimi pia. "Namtaka," nikasema. "Lakini najua."

"Haya." Akatikisa kichwa, kama mtu aliyepata jibu linalotosha. "Anaitwa nani?"

Hakusema "aliitwa".

"Yona."

"Yona," akarudia, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuita majina bwenini. Ndani ya nyumba mkwewe aliyekuwa anaosha vyombo akasikia, akauliza, "Mama, nani huyo?" Matroni akamjibu kwa nguvu, "Kaka yake bubu wangu! Ngoja nikuambie." Akanigeukia. "Ni mtu wa namna gani?"

Nilikuwa na habari zake nyingi, nimezitunza muda wote ule, na zote zikaja mlangoni kwa pamoja, zikakwama. Nikachukua ya mbele.

"Hajui kupiga mluzi," nikasema. "Na anapiga kila siku. Akiwa anakuja nyumbani tunamsikia toka kona, unatoka upepo mtupu na mate, na yeye anadhani ni wimbo."

"Unatokaje? Hebu nisikie."

"Matroni!"

"Hebu nisikie. Nitamjuaje?"

Msichana hapigi mluzi, tena mbele ya mtu mzima, tena mbele ya aliyekuwa matroni wake. Nilijifuta midomo. Nikaibana upande kama alivyokuwa anaibana yeye, nikapuliza. Ulitoka ule ule, upepo, mate, na mwishoni kisauti kidogo kama birika linaloanza kuchemka. Kuku akakimbia. Mkwewe akatokeza mlangoni, mikono ina povu.

Matroni alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika, maji ya beseni yanamwagika.

"Vibaya kweli kweli," akasema. "Hebu tena."

Nikapiga tena.